Fisi Maji Katika Damu ya Baba

Baba yangu aliugua jongo kwa sababu ya lami. Hivyo ndivyo ninavyosema mimi, na daktari wa hospitali ninayofanyia kazi pale Mbinga, upande wa maabara, hunikatalia kwa adabu kila nikisema. Yeye anasema ni figo, ni umri, ni asili ya ukoo. Mimi nasema ni lami. Zamani, barabara ya kupanda kutoka Mbamba Bay ilipokuwa vumbi kiangazi na matope masika, mjomba wangu wa ziwani alikuja kwetu mara moja kwa mwaka, na kifurushi cha usipa cha kutosha kutukumbusha kwamba yuko hai. Lami ilipokamilika akawa anapanda gari asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne yuko Mbinga. Akaanza kuja kila mwezi. Usipa nao ukaja kila mwezi, kiroba kizima, na dole gumba la mguu wa kulia wa baba likaanza kuvimba kila mwezi.

Kwa asiyemjua, usipa ni samaki mdogo wa Ziwa Nyasa, anayeanikwa juani na kuliwa mzima, kichwa na matumbo. Utamu wake uko hapo hapo kwenye matumbo, na ubaya wake pia. Mwili ukishachakata chakula cha namna hiyo hubaki na taka inayoitwa asidi ya yuriki. Mwenye bahati huikojoa. Asiye na bahati inamjaa kwenye damu, inaganda kuwa fuwele ndogo zenye ncha, na fuwele hizo, sijui kwa nini, zinapenda sana kukaa kwenye dole gumba. Baba, mzee wa Kimatengo aliyewahi kuteguka bega akashinda shambani, alikuwa akishikwa na jongo hataki hata shuka imguse.

Mama alipokuwa hai mambo hayakufika huko. Mama alitoka ziwani, Mwanglikana aliyeolewa mlimani kwa Wakatoliki wa Mbuji, na usipa wa kaka yake ulikuwa ukifika tu anaugawa: bakuli kwa jirani wa juu, bakuli kwa jirani wa chini, bakuli kwa katekista. Mpaka jioni baba anabakiwa na usipa wa mlo mmoja, ananuna. Mama alifariki, huu ni mwaka wa tatu, na hakuna aliyekumbuka kwamba kugawa usipa ilikuwa kazi. Kiroba kikawa kinabaki ndani na baba akawa anakimaliza peke yake, kwa uaminifu.

Nieleze pia kuhusu heshima ya shemeji, maana bila hiyo mtu atatuona wajinga. Kaka wa marehemu mkeo akikuletea chakula, unakila mbele yake, na unakila kwa furaha. Humwambii kuwa umekatazwa. Baba na mjomba wanataniana tangu kabla sijazaliwa, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba watu wa kwao ni wezi wa mbuzi, lakini kwenye sahani utani unakoma. Mjomba akifika, baba anaagiza dumu la komoni kwa jirani anayepika pombe hiyo ya mahindi, usipa unakaangwa kwa nyanya, na wazee wawili wanakaa barazani wanakulana kwa maneno na kulishana kwa mikono.

Mimi nina kasoro moja inayojulikana ukoo mzima: nikisoma kitu kizuri siwezi kukaa nacho. Siku moja, nikisubiri mashine ya maabara imalize kazi yake, nilisoma kwenye simu kuhusu wataalamu wa nchi za mbali wanaoingiza dawa ndani ya chembe nyekundu za damu. Jumapili hiyo hiyo nikapanda bodaboda mpaka kwa baba, kijijini Mbuji.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Umeleta nini?”

Hiyo ndiyo salamu ya baba kwa kila mtu, hata kwa padri. Nikampa sukari, nikakaa, nikaanza.

“Kuna mfanyakazi mmoja binadamu tumenyimwa,” nikamwambia. “Anaitwa kimeng'enya. Kazi yake ni moja tu, kuvunjavunja hiyo taka inayokuumiza mguu. Mbuzi anaye. Panya anaye. Mbwa anaye. Sisi hatuna.”

Baba akamgeukia mbwa wake aliyejinyoosha juani. “Huyu anaye?”

“Anaye.”

“Ndiyo maana anakula usipa wangu na bado anakimbia.” Akamtazama yule mbwa kwa jicho ambalo sikulipenda. “Sasa si wanichome sindano ya huyo mfanyakazi?”

“Wanaweza. Lakini mwili unamwona mgeni, unampiga vita, hakai. Ndiyo wakawaza kumficha ndani ya damu yako mwenyewe. Wanakutoa damu, wanaziosha zile chembe nyekundu, wanaziloweka kwenye maji yenye chumvi pungufu. Zinavimba kama maharage ya kulowekwa, ngozi yake inafunguka matundu. Mfanyakazi anaingia. Halafu wanaongeza chumvi, matundu yanajifunga, naye yuko ndani. Wanakurudishia damu yako.”

Baba alisoma mpaka darasa la saba, lakini kumdanganya ni shida. “Kama yamejifunga,” akasema, “hiyo taka itamfikiaje?”

Hapo ndipo nilipotaka kuonyesha kwamba mimi ni mjukuu wa wavuvi. Nikamkumbusha migono ya mjomba, ile mitego iliyosukwa kwa fito anayoizamisha karibu na mwamba. Na nikamkumbusha fisi maji, yule mnyama mwenye manyoya anayeogelea kuliko samaki na kuiba kwenye mitego, ambaye mjomba humtukana kwa Kinyasa kila asubuhi.

“Chukua mgono,” nikasema, “mfungie fisi maji ndani. Vidagaa vinapenya kati ya fito, vinaingia vyenyewe. Fisi maji anavila. Yeye ni mkubwa, hawezi kutoka. Na walinzi wa mwili wakipita wanaona mgono tu, wa nyumbani, hawaulizi kitu. Sasa weka migono ya hivyo maelfu kwa maelfu, iwe inaelea kwenye damu yako miezi kadhaa.”

Baba akaachana na mbwa, akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mazishi.

“Bado lakini, baba,” nikaongeza. “Kwa magonjwa mengine machache ya mwili kushindwa kuchakata vitu, watu wamejaribiwa. Kwa jongo bado wako maabara. Labda miaka. Labda isiwe kabisa. Endelea na vidonge.”

Nililisema neno “bado” mara mbili, naapa. Kosa langu ni kwamba nililisema baada ya fisi maji, na baba hakuwa na masikio yaliyobaki.

Wiki iliyofuata mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ndogo ya kanisani, mama mmoja mwenye sauti ya upole na maswali makali, alikuja mpaka dirisha la maabara. Akanisalimia, akaulizia afya yangu, ya mume wangu, ya watoto, na mwisho akauliza kama ni kweli nitamwekea mzazi wangu fisi kwenye damu. Nikamwambia ni fisi maji. Akasema katika sala walitaja fisi tu, na sasa wanajumuiya wamegawanyika, wengine wanaendelea kumwombea baba na wengine wameanza kuniombea mimi. Nikamweleza yote, matundu, chumvi na chembe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama paroko ana habari.

Nilicheka siku mbili nzima. Siku ya tatu nilipigiwa simu kwamba baba hawezi kusimama.

Ilikuwa Machi, wakati wa kutengeneza ngoro. Kwetu milimani shamba la mteremko halilimwi hivi hivi. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari ya mraba, wanawake wanafukia mistari kwa udongo wanaouchimba katikati, na shamba zima linakuwa na mashimo ya kushika maji ya mvua. Kulaza nyasi ndiyo kazi ambayo baba hajawahi kumwachia mtu. Nilimkuta barazani, mguu umewekwa juu ya kigoda ukiwa uchi kama mgonjwa wa pili, na yeye anaelekeza kwa fimbo kaka zangu kule chini, akiwaambia kwamba mistari yao imepinda na babu yao anawaona.

Niliingia ndani kuchukua maji nikaikuta chupa ya vidonge dirishani, imejaa. Hakuwa amemeza hata kimoja tangu ile Jumapili yangu. Pembeni yake kilikuwa kiroba cha usipa, kimebaki robo.

Nilifoka. Sijivunii, lakini nilifoka, mimi mtoto, mbele ya mzee mwenye mguu wa hivyo. Nikamuuliza alikuwa anasubiri nini.

“Fisi maji,” akasema.

“Nilikwambia bado.”

“Ulisema. Nikaona nianze kumzoesha chakula chake.”

Ningecheka siku nyingine. Siku hiyo nilimwambia kwamba mjomba akija nitamweleza mwenyewe aache kuleta usipa, imetosha, heshima gani hii ya kumlemaza mtu. Baba akaiweka fimbo chini.

“Mama yako hayupo,” akasema. “Nikimkatalia usipa wake, yule atapanda mlima huu kufuata nini?”

Nikakaa chini karibu na kile kigoda. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya figo na fuwele, yote yakanikauka. Nilikuwa nimedhani baba anatetea tumbo lake. Kumbe alikuwa analipa kwa dole gumba ili shemeji yake aendelee kuja, na mimi nikamletea hadithi ya kwamba kuna siku atakula bila kulipa. Nilimhurumia mpaka nikaona aibu.

Nikamrudisha kwenye vidonge kwa amri ya daktari, na nikadhani nimebaki na kazi moja tu, ya kutafuta namna ya kumwambia mjomba. Mjomba akaniwahi.

Alikuja maabara asubuhi, amevaa shati lake la kanisani, hajala tangu jana yake. Habari za fisi maji zilikuwa zimeteremka mpaka ziwani zikiwa na nyongeza zake: huko zilifika kwamba damu ya baba imeharibika, jongo halikutajwa, na inatakiwa damu ya ndugu ya kumwekea huyo mnyama.

“Nimekuja kumtolea shemeji,” akasema, akikunja mkono wa shati. “Damu yangu imezoea ziwa. Huyo fisi maji ataikubali upesi kuliko ile ya mlimani.”

Nikaanza upya. Matundu, chumvi, bado. Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye sielewi. Hakutoka Mbamba Bay na njaa ili arudi na damu yake yote. Nikawa nawaza nimwambie nini, macho yakaangukia miguu yake. Kiatu cha kulia kilikuwa kimekatwa kwa wembe mbele, duara safi, na dole gumba jekundu limechungulia nje.

“Mjomba, hicho kiatu?”

“Kilibana.”

“Na cha kushoto hakibani?”

Akakitazama cha kushoto muda mrefu. “Hicho kina adabu.”

Nikachukua damu kidogo, kwa ruhusa yake, ili tu asinidai, nikaipima yuriki. Nilirudia kipimo mara mbili nikidhani mashine imekosea. Mjomba alikuwa amempita baba kwa mbali.

Nilipomwambia hakushtuka. Akashusha mkono wa shati akaufunga kifungo. Alikuwa anajua tangu mwaka wa kwanza baada ya msiba. Alipewa vidonge kwenye kituo cha afya cha kwao, akaambiwa aache pombe. Ziwani ameacha kabisa. Usipa hagusi, anauvua na kuuanika tu. Akipanda kwetu ndipo anakunywa na kula, na akirudi analala siku nne.

“Ukishuka kwenye gari, baba hakuoni unachechemea?”

“Nikishuka natembea wima mpaka nikae. Nikishakaa sinyanyuki hadi wakati wa kuondoka. Hujaona?”

Kweli nilikuwa nimeona. Nilidhani ni kiburi cha wavuvi.

“Kwa nini usimwambie baba hutaki komoni?”

Mjomba akacheka kidogo. “Na yeye kabaki peke yake kule juu, kila nikifika ameagiza dumu zima. Ananiangalia nikimimina. Wewe ungeweza?” Kisha akanyoosha kidole. “Na wewe usimwambie. Majibu ya mtu ni ya mtu, mmeandika wenyewe hapo ukutani.”

Ilikuwa imeandikwa, kwa mwandiko wangu. Basi nikawa na wazee wawili wenye ugonjwa mmoja, kila mmoja akimpikia mwenzake sumu na kuila ya mwenzake, na mimi peke yangu najua, na sina ruhusa ya kufungua mdomo. Kwa mtu mwenye kasoro niliyoitaja, ile ilikuwa adhabu kubwa. Nilikaa nayo siku kumi na moja.

Mjomba alipokuja tena nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Mbuji kuandaa meza mwenyewe. Nikakaanga usipa. Nikaweka dumu. Halafu nikaweka bilauri mbili za maji, na katikati kisahani kimoja chenye vidonge viwili vyeupe vinavyofanana. Sikusema neno lolote. Kisahani ndicho kilichosema, na kisahani hakijaajiriwa hospitalini.

Wakanawa. Baba akakiona kisahani, akanitupia jicho la kunilaumu kwa kumuaibisha mbele ya mgeni, akachukua kidonge kimoja akakimeza haraka. Akanyoosha mkono kuchukua cha pili ili ushahidi uishe. Mkono wa mjomba ulikuwa umeshafika.

“Hicho changu,” akasema baba.

“Chako umemeza, shemeji. Hiki changu.”

Na akakimeza, akashushia na maji. Baba alibaki na mkono hewani. Kule chini ya mteremko mtu alikuwa anaita mbuzi, na nilikuwa nasikia kila alichosema.

“Tangu lini?” baba akauliza.

“Tangu tulipomzika dada. Wewe?”

“Tangu hapo hapo.”

“Na ukawa unanimalizia usipa.”

“Na wewe ukawa unanimalizia dumu.”

Baba ndiye aliyeanza kucheka, mjomba akafuata, na walicheka mpaka mbwa akaamka akaja kuangalia. Wakavuliana viatu, wakalinganisha madole yao mbele yangu bila haya. Mjomba akasema la baba ni dogo, kama kila kitu cha mlimani. Niliwaondolea usipa na dumu, nikawaletea ugali na mboga ya maboga, wakala kwa manung'uniko.

Kisha baba akaacha kucheka. “Sasa,” akasema, akitazama sahani, “utakuwa unakuja na nini?”

Mjomba akavivuta viatu vyake, akaanza kuvivaa. Mtu wa heshima zake haendi ukweni mikono mitupu. Hata akiwa fukara atachuma kitu njiani. Aliondoka na gari la mchana, anachechemea waziwazi safari hii, na mwezi uliofuata hakuja.

Baba alimeza vidonge vyake kila asubuhi kwa utii ulioniudhi. Mguu ukanywea. Akaanza kwenda shambani, kahawa ikaiva, akachuma na wajukuu. Mwezi mwingine nao mjomba hakuja. Nilipanda kila Jumapili, na baba alinisalimia “Marahaba” akasahau kuuliza nimeleta nini. Siku moja alinionyesha dole gumba, zima kabisa, akasema, “Umelitibu,” kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Nilirudi Mbinga nikiwa na hakika kwamba kisahani changu kimemnyang'anya baba shemeji yake, na nililia nyuma ya bodaboda, kitu ambacho simshauri mtu, maana vumbi linaganda usoni.

Alikuja Julai. Nilikuwepo. Tulikuwa uani tunageuza kahawa kwenye vichanja, bodaboda ikasimama chini barabarani, akashuka mtu, akabaki amesimama pale pale pembeni ya njia. Kwa kawaida baba hukaa barazani akisubiri, na watoto hukimbia kupokea mzigo. Siku hiyo aliacha kahawa mkononi mwangu akateremka mwenyewe katikati ya mashimo ya ngoro, upesi kuliko ninavyopenda mzee wa umri ule ateremke. Nikamfuata.

Mjomba alikuwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa anatazama chini.

“Umeleta nini?” baba akamuuliza.

Mjomba akafungua viganja vyote viwili akamwonyesha. Nilikumbuka miezi miwili aliyokaa kule ziwani akijikusanyia ujasiri wa kupanda hivi.

“Mimi tu,” akasema.

Baba akavitazama vile viganja. Kisha bila kunigeukia akaniambia nikiwaona wale wataalamu wangu wa fisi maji niwaambie wafanye kazi yao taratibu, huku hatuna haraka. Hapakuwa na mzigo wa kupokea, kwa hiyo akapokea mkono wa shemeji yake, na wakapanda mteremko wameshikana hivyo hivyo mpaka nyumbani, wote wawili wakiwa na viatu vizima.